Omeprazoli na uvimbe wa panya: dawa hii iendelee kuuzwa bila cheti cha daktari?

Mkunazi: Panya waliolishwa omeprazoli, hii dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, maisha yao yote waliota uvimbe tumboni. Watengenezaji wenyewe, kule Sweden, walisimamisha majaribio kwa watu mwaka 1990. Huku kwetu inanunuliwa kama peremende. Sawa hiyo?

Kaunta11: Peremende? Nimesimama nyuma ya kaunta miaka kumi na moja, kila mteja namweleza. Usitutukane.

Baba Rehema: Mkuu, ni 1984. Mwaka 1988 ilikuwa tayari sokoni. Wale panya walikunywa dozi kubwa kila siku kwa miaka miwili. Asidi ikizimwa, tumbo humwaga gastrini, homoni inayoamuru asidi itolewe, kwenye damu ili irudi, na gastrini ndiyo hunenepesha zile chembe za ukuta wa tumbo zilizoota uvimbe. Waliokatwa kipande cha tumbo kinachotoa gastrini hawakupata kitu. Na ranitidini, dawa nyingine ya kupunguza asidi, kwa dozi kubwa iliwaletea panya mambo hayo hayo.

Mkunazi: Kwa hiyo tusubiri na sisi tukatwe matumbo?

Chumvi Nyingi: Panya hata kutapika hawezi. Tumbo lake na langu wapi na wapi!

Mkunazi: Hawezi kutapika? Nani kakudanganya?

Baba Rehema: Hapo yuko sahihi, panya hatapiki. Lakini kutoa asidi anatoa, tena hata akiwa na njaa.

Mama Tunu: Mnabishana panya, mimi nina mama. Kanywa miaka mitatu, akaacha ghafla. Wiki nzima kalala ameketi, mgongo ukutani, kikombe cha maziwa mkononi, akisema kifua kinawaka kuliko mwanzo.

Baba Rehema: Pole, dada. Ndiyo gastrini hiyo hiyo. Wadenmark waliwapa watu wazima wenye afya dawa ya jamii hii wiki nane, wakaitoa. Asilimia 44 wakapata kiungulia au tumbo kuwaka, kwa 15 ya wasiopewa. Ilichapishwa 2009. Ashushe dozi taratibu, daktari akimwangalia.

Mkunazi: Si nilisema! Peremende!

Kaunta11: Acha hilo neno. Mama Tunu, alikuwa anakunywaje?

Mama Tunu: Miligramu 20, baada ya chai.

Kaunta11: Baada? Ni nusu saa kabla ya kula, ikute pampu za asidi zinaamka.

Mama Tunu: Miaka mitatu, duka lile lile, kila wiki. Hakuna aliyemwambia.