Diplomacy: unajuaje mshirika wako anataka kukugeuka?

Baharia_Tanga
Wakuu habari zenu, kuna anayecheza Diplomacy humu? Ile gemu ya Allan Calhamer iliyotoka 1959, bodi yake ni ramani ya Ulaya mwaka 1901, nchi saba, hakuna dadu wala karata, mnapatana pembeni wawili wawili halafu kila mtu anaandika oda zake kwa siri zinasomwa zote kwa mpigo. Sisi tuko saba tunacheza jumamosi. Juzi nimeangukia Austria, Italia akanifuata mwenyewe akasema tukae kwa amani tumle Uturuki pamoja, nikakubali, majeshi yangu yote nikayapeleka Balkani, 1902 jamaa akaingia Trieste, mwaka uliofuata Vienna, nikafa. Sina kinyongo naye maana sheria inaruhusu, ila nataka kujua kuna dalili gani mtu anaweza kuziona mapema? Na mshirika unamfunga vipi wakati hakuna sheria ya kumlazimisha kutimiza ahadi?

Vituo18
Pole mkuu. Mwisho wa 1901 alijenga nini, yaani aliongeza jeshi jipya la aina gani?

Baharia_Tanga
Alichukua Tunis, akajenga jeshi la nchi kavu Roma. Akasema la kujilinda na Ufaransa.

Vituo18
Basi hapo ndipo alipokwambia kila kitu. Italia kumfikia Uturuki njia ni ya maji, anatoka bahari ya Ionian anaenda bahari ya Eastern Mediterranean, kwa hiyo mtu anayemaanisha anajenga meli Naples. Jeshi la nchi kavu pale Roma litaenda wapi zaidi ya Venice halafu kwako? Maneno ya mtu sikiliza ila anachojenga ndio ukiamini. Kingine angalia Tyrolia, jimbo linalopakana na Venice, Trieste na Vienna; vituo (maeneo yanayokupa haki ya kuwa na majeshi) vinahesabiwa baada ya zamu ya pili ya mwaka tu, kwa hiyo msaliti anayejua kazi zamu ya kwanza anajisogeza jirani, zamu ya pili anaingia na huna tena nafasi ya kurudisha kabla ya hesabu. Akitia mguu Tyrolia usiulize kwa nini, rudisha jeshi nyumbani zamu inayofuata palepale.

mamaKete
Nakubaliana na Vituo18 kuhusu dalili lakini mimi naona tatizo lilianza kwenye mapatano yenyewe. Venice na Trieste zinapakana, ni sehemu pekee kwenye bodi nzima ambapo vituo vya nyumbani vya nchi mbili vinagusana, halafu wewe umeondoka umeacha wazi na yeye jeshi lake lipo palepale mlangoni, hata mtu mwema atashawishika. Kubalianeni wote wawili mtoe majeshi hapo na Tyrolia asiingie mtu. Na mgao kaka yangu, vituo viko 34 na mshindi anahitaji 18, Italia akishachukua Tunis hana kingine cha karibu cha bure, wewe una Serbia, Ugiriki, pengine na Bulgaria, yeye asubiri mpaka lini? Mpe Ugiriki. Mshirika mwenye njaa atakula kilicho karibu, na kilicho karibu ni wewe. Mimi nacheza na watu walewale miaka mingi sasa na ushirika ninaouona unadumu ni ule ambao kila mmoja anaongezeka karibu kila mwaka.

shemeji_wa_Izmir
Naongezea la Ufaransa. Italia hakuogopa kukuvamia kwa sababu mgongo wake ulikuwa salama, ungekuwa unaongea na Ufaransa tangu zamu ya kwanza angefikiria mara mbili. Ongea na wote sita hata wa mbali, Uingereza haikuhusu 1901 ila inakuhusu baadaye. Na usidhani gemu hii inataka uongo mwingi, 2022 Meta walitoa programu yao ya Cicero ikacheza gemu 40 mtandaoni na binadamu ikawa kwenye asilimia 10 ya juu, na waliitengeneza iongee kulingana na mipango yake ya kweli. Mtu akijulikana ni muongo hakuna anayempa sapoti (oda ya kuliongezea nguvu jeshi la mwenzako), na bila sapoti jeshi moja dhidi ya moja mnagongana tu hakuna anayesogea.

Baharia_Tanga
Asanteni sana, la kujenga sikuwahi kuliwaza kabisa. Na Urusi je, Galicia, lile jimbo lililo kati yetu, nimwachie?

Vituo18
Usimwachie. Mwambie mapema mgongane hapo 1901, Vienna kwenda Galicia na Warsaw kwenda Galicia, wote mnabaki mlipokuwa na hakuna aliyetukanwa, Warusi wengi wanakubali. Budapest iende Serbia kama kawaida. Meli ya Trieste itoke kwenda Albania kama mmeshaelewana na Italia kuhusu Venice, akikataa kulizungumza hilo basi isitoke.