Kumwaga oili nyumbani: pampu ya kuvuta kwa juu au nati ya sampo? (IST na Forester, Mwanza)

Mkazi_Isamilo
Habari zenu wakuu. Nataka kuanza kubadilisha oili mwenyewe hapa nyumbani. Gari ni mbili: Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE, na Subaru Forester ya 2014 yenye injini ya FB20. Shida ya kwanza ni uwanja. Ni mteremko, nusu mwamba nusu changarawe, na jeki haipati pa kukaa. Nimeona kuna pampu zinazovuta oili kupitia tundu la dipstiki (kijiti cha kupimia oili), za mkono na za umeme wa betri. Je, pampu peke yake inatosha, au lazima nifungue nati ya sampo, lile bakuli la oili chini ya injini? Na inatoa oili yote kweli, au uchafu unabaki chini?

Spana14
Mkuu, anza na filta kabla hujafikiria pampu. Fungua boneti ya Forester: kwa injini za FB filta imekaa juu, mbele, imesimama ndani ya kibakuli kinachokinga oili inayochuruzika. Hapo pampu inamaliza kazi nzima na hulali chini ya gari hata dakika moja.

IST ni habari nyingine. Filta ya 1NZ unaifikia kwa chini. Ukivuta oili kwa juu bado lazima uingie chini kutoa filta, na ukishaingia, nati ya sampo iko hapo hapo, spana namba 14 tu. Kwa hiyo kwa IST pampu inakupunguzia nusu ya kazi, na si nusu iliyo ngumu. Usikubali ushauri wa kuvuta oili na kuacha filta ya zamani "mpaka sevisi ijayo". Barabara za vumbi za huku haziruhusu mchezo huo.

Boksa_EJ
Naongezea kwa wenye Subaru za zamani wasije wakanunua pampu kwa kusoma neno Subaru. Injini za EJ filta iko chini, imezungukwa na mabomba ya ekzosi. Ukiingiza mkono injini ikiwa ya moto unaungua kiwiko. FB ndizo zimeletewa filta juu. Benz nyingi nazo filta iko juu, na pampu inazifaa sana.

Fundi_Nyakato
Nitaeleza namna ya kuvuta, maana wengi wanalaumu pampu wakati kosa ni la mpira wa kuvutia oili.

Endesha gari kama dakika kumi, zima, subiri dakika kumi nyingine oili ishuke sampo. Inatakiwa iwe ya uvuguvugu mkali, si ya kuchemka. Oili baridi inapanda taratibu mno. Oili ya moto sana inalegeza mpira wa plastiki mpaka unajibana wenyewe na kuziba. Fungua kifuniko cha kumiminia oili ili hewa iingie. Kwa FB, legeza filta kwanza kabla ya kuvuta, oili iliyo ndani yake irudi sampo uivute pamoja na nyingine.

Sasa mpira. Chomoa dipstiki, ilaze sambamba na mpira, weka alama ya selotepu pale urefu wa dipstiki unapoishia. Ingiza mpira mpaka alama, kisha endelea polepole. Utasikia ncha inagusa bati la sampo: kuna mgoto mdogo, halafu mpira unaanza kukusukuma mkono. Simama hapo hapo, urudishe milimita chache. Ukiendelea kusukuma, mpira unajikunja ndani ya sampo, ncha inanyanyuka juu ya oili, unavuta hewa na kudhani umemaliza. Ncha ikatwe mshazari, ikikatwa bapa inajinata kwenye bati na oili haipandi.

Pampu ya mkono inajazwa nguvu kwa kupigwa kama mara ishirini, kisha unaiacha. Mpira unageuka mweusi mara moja. Baada ya dakika tano mpaka kumi utasikia mkoromo, kama mtu anayemalizia soda kwa mrija. Usichomoe. Zungusha mpira, pandisha kidogo, shusha, subiri dakika tano oili iliyoganda ukutani ishuke, kisha vuta tena. Mvuto wa pili kwa kawaida unatoa kidogo, lakini ndiyo oili nyeusi kuliko yote.

Kama hakuna kitu kinachopanda tangu mwanzo, kagua maungio ya mpira na mpira wa mfuniko wa tangi la pampu. Hewa ikiingia hapo hata kwa tundu la sindano, utapiga pampu hadi jioni.

MamaProbox
Mimi natetea nati ya sampo, kwa hoja. Kupitia nati, oili inatoka yenyewe, unaiona rangi yake, unaona kama kuna unga wa chuma kwenye nati. Kwa pampu huoni hayo. Pia kuna injini ambazo bomba la dipstiki halifiki sehemu ya kina cha sampo, au kuna bati la kuzuia oili kuyumba linalokinga mpira. Hapo utaacha nusu lita bila kujua.

Anayesema nati zinaharibika, zinaharibiwa na mkono. Nati ya 1NZ inakazwa Nm 37 hivi. Hiyo ni nguvu ya mkono mmoja kwenye spana fupi. Fundi anayeongeza bomba kwenye spana ndiye anayekula meno ya sampo. Wosha yake ibadilishwe kila mara, ni kitu kidogo sana kwa bei. Ukirudia ile iliyokwisha kubonyea, inavuja, unakaza zaidi, na ndipo meno ya sampo yanapoanza kulika.

Spana14
Dada, hoja ya oili kubaki ni ya kweli, ila inapimika. Mara ya kwanza vuta kwa pampu, kisha peleka gari kwenye gereji yenye shimo, nati ifunguliwe, upime kinachodondoka. Kikiwa chini ya mililita 200, pampu inaifaa injini hiyo na huna haja ya kupima tena. Kikiwa zaidi, rudi kwenye nati. Na kwa gari ambayo meno ya sampo yameshalika, pampu inakupa muda wa kutafuta sampo nyingine.

MamaProbox
Kipimo hicho nakikubali. Lakini mtu asilinganishe alichovuta na namba ya kitabu bila kuangalia dipstiki kabla. 1NZ inachukua lita 3.7 pamoja na filta, 3.4 bila filta. Hizo ni za injini iliyojaa hadi alama ya juu. Kama dipstiki ilikuwa katikati, ukatoa lita 3, huenda umetoa karibu yote.

Na usimimine dumu zima la lita 4 kwenye IST. Oili ikizidi, kranki (mhimili unaozunguka ndani ya injini) inaichapa inatoa povu, na povu halilainishi. Weka lita 3.2, washa, zima, subiri, pima, ndipo uongeze kidogo kidogo. FB20 inachukua lita 4.8.

Mkazi_Isamilo
Shukrani sana. Kati ya pampu ya mkono na ya umeme ipi? Na je, mteremko unaathiri?

Fundi_Nyakato
Ya mkono, yenye tangi la lita 6 au zaidi, ambalo ni lenyewe kopo la kupimia. Zile ndogo za umeme wa betri zinapata moto haraka, oili ikiwa nzito zinaanza kulia bila kuvuta, na bado unatafuta ndoo ya kukinga. Usiitumie pampu yoyote ya hizi kuvuta petroli. Mvuke wake unawaka.

Kwa mteremko: wakati wa kuvuta, mteremko unaweza hata kukusaidia, kama upande wenye dipstiki ndio uko chini, maana oili inajikusanya hapo. Ukiwa upande wa juu unakuumiza. Weka kigingi kwenye tairi pande zote, handibreki peke yake isiaminiwe kwenye vilima vya Isamilo. Ila kusoma dipstiki ni lazima pawe tambarare. Shuka hadi uwanja wa kituo cha mafuta, zima, subiri dakika tano, pima.

Boksa_EJ
Jambo dogo kwa wapenda hesabu. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na pampu hizi zinategemea uzito wa hewa. Huku hewa ina nguvu pungufu kwa zaidi kidogo ya asilimia 10 kuliko Dar, kwa hiyo ukiona muda wa kwenye maelezo ya pampu umepita, usishtuke. Oili inapandishwa chini ya mita moja, nguvu iliyopo inatosha.

Ziwa_Safi
Hamjasema oili chafu inakwenda wapi, na kwa sisi wa hapa hilo ni kubwa. Maji ya bomba yanavutwa ziwani, ikiwemo pale Capri Point. Mtaro wa Isamilo au Mabatini mvua ikinyesha unaishia mto Mirongo, na Mirongo unaishia ziwani. Uzuri wa pampu ni kwamba oili imeshafungiwa ndani ya tangi. Mimina moja kwa moja kwenye dumu ilimotoka oili mpya, funga, andika "oili chafu", peleka gereji inayokusanya kwenye mapipa. Usichanganye na kulanti (maji ya rejeta) wala petroli, ikichanganyika wanaonunua wanaikataa. Na ile tabia ya kupaka oili chafu nguzo za uzio kuzuia mchwa, tafadhali iacheni, hasa penye bustani ya mchicha. Ina metali na masizi ya injini.

Spana14
Umenena. Mkazi, siku ya kwanza ya Forester: paka oili mpya mpira wa filta, ifunge kwa mkono mpaka iguse, kisha fuata mzunguko ulioandikwa kwenye filta yenyewe. Washa bila kukanyaga mafuta. Taa nyekundu ya oili inaweza kukaa sekunde chache filta ikijaa, kisha izime. Isipozima, zima injini papo hapo, angalia kama umesahau kumimina au filta ina mipira miwili, wa zamani ukiwa umebaki umeganda kwenye kitako.

Mkazi_Isamilo
Basi Forester nachukua pampu ya mkono, IST naipeleka gereji yenye shimo. Jumamosi nitapima kilichobaki sampo na kuleta namba hapa.