Mjusi wa ulimi wa bluu Dodoma: mbona hakui, na boksi liwe la ukubwa gani?

Iyumbu_mpya:
Wakuu, habari za kazi. Mjusi wangu ana miezi mitano, sm 24 kutoka puani hadi ncha ya mkia. Anakaa kwenye beseni la plastiki la sm 60 lenye maranda, na taa ya kawaida juu. Anakula mchicha na chakula cha mbwa cha kopo. Wiki tatu hajaongezeka hata gramu, na ngozi kuukuu anayojivua imegoma kutoka vidoleni. Nianze na kipi?

Fundi_Kizota:
Joto kwanza, mkuu. Mjusi asipopata moto wa kutosha, chakula kinalala tumboni bila kusagika, hivyo hata umlishe vipi hakui. Chini ya taa weka tofali bapa, kisha pima juu ya tofali lenyewe: nyuzi 38 hadi 40. Upande wa pili 24 hadi 27. Kwenye beseni la sm 60 hupati tofauti hiyo, kote kunapata joto moja. Na usidanganywe na jua la Dodoma: Julai usiku unashuka kwenye 14, wakati yeye asipate chini ya 20. Funga hita ya kauri isiyotoa mwanga, yenye thamostati (kifaa cha kudhibiti joto) na wavu wa kumzuia asiungue.

Boksi liwe angalau sm 120 kwa 60, kimo 45. Jenga la mtu mzima sasa hivi. Akifika mwaka mmoja na nusu atakuwa kati ya sm 45 na 60. Plaiwudi, maungio yazibwe kwa silikoni, likae wiki nzima harufu iishe. Vioo vya kusukuma viwe mbele, maana mkono ukimshukia kutoka juu anauona kama mwewe. Mmoja kwa boksi, wawili watang'atana.

Mama_Kobe:
Vidole hivyo viangalie leo. Ngozi kavu hubaki kama pete nyembamba, uzi mweupe uliofungwa. Kidole kinanenepa, pete haitanuki, damu inakatika, kinakuwa cheusi na kudondoka. Mloweke kwenye maji ya vuguvugu yanayofika viwikoni, dakika 20, halafu sugua taratibu kwa kijiti cha pamba. Ikigoma rudia kesho, usivute.

Kisa ni ukavu wa kiangazi chetu. Toa maranda, weka makumbi ya nazi yaliyosagwa, kina sm 8, tabaka la chini liwe na unyevu. Muulize aliyekuuzia asili yake: wa kaskazini mwa Australia anataka unyevu wa asilimia 40 hadi 60, wa Indonesia 60 hadi 80.

Mchicha punguza sana, oksaleti, kemikali iliyomo ndani yake, inashika kalsiamu mwili usiipate. Mpe sukuma wiki na boga lililokwaruzwa, nusu ya sahani iwe nyama au yai la kuchemsha, unga wa kalsiamu juu. Umri huu ale kila baada ya siku moja. Parachichi na kitunguu ni sumu kwake. Mende wa jikoni usimpe, huenda wamepuliziwa dawa.

Iyumbu_mpya:
Asanteni sana. Taa ya UVB (inayotoa mionzi kama ya jua) ni lazima? Dirishani jua lipo.

Fundi_Kizota:
Kioo kinazuia karibu UVB yote, na boksi la kioo juani linampika. Nunua taa, badilisha kila mwaka hata kama bado inawaka. Joto likishakaa sawa mpime kila wiki kwa mizani ya jikoni. Mwezi ukiisha bila kuongezeka, mpelekee daktari wa mifugo kinyesi kibichi aangalie minyoo.