Mfadhili anataka kulipia matokeo ya mtoto wa jicho: tupime nini, na siku gani?

MamaLenzi
Habari za jioni wakubwa. Mimi ni muuguzi wa macho, hospitali ya wilaya huku kusini mwa Tanzania. Miaka yote mfadhili wetu amelipa kwa idadi: jicho likishawekewa lenzi, hesabu imefungwa. Sasa mkataba mpya unasema sehemu ya fedha itategemea mgonjwa anaona kiasi gani. Binafsi nimefurahi. Rejista yetu ina jina, kijiji, namba ya lenzi, aliyepasua. Safu ya uono baada ya upasuaji iko tupu ukurasa hadi ukurasa.

Kinachonisumbua ni kwamba rasimu inataka kipimo cha wiki ya 6. Anayeona vizuri yuko kwenye mikorosho yake, harudi. Asiyeona amekata tamaa, naye harudi. Tunaopata ni wa mjini na wenye macho yanayowasha. Nikiwapima hao tu, asilimia hiyo itakuwa ya nani?

Konea
Dada, pima kesho yake unapofungua plasta, kabla mtu hajapanda gari. Utafiti wa PRECOG uliotoka kwenye jarida la Lancet Global Health 2013 ulifuatilia hospitali 40 za Asia, Afrika na Amerika ya Kilatini. Zilizofanya vizuri siku za mwanzo ndizo zilizofanya vizuri baadaye. Hii ni kwa hospitali nzima, si kwa mgonjwa mmoja, maana konea (kioo cha mbele cha jicho) ikivimba mtu anaona ukungu siku mbili tatu halafu unakwisha.

BOOST, programu ya kompyuta ya hospitali kujipima matokeo ya upasuaji huu, inafuata njia hiyo hiyo. Nauli yako ndogo itumie kwa walio 6/60 au chini (akiwa mita 6 anaona kile ambacho jicho zima linakiona likiwa mita 60): warudi, uandike sababu. Jicho lilikuwa na ugonjwa mwingine? Upasuaji ulikwenda vibaya? Au anahitaji miwani tu? Hospitali nyingi zikianza kuandika sababu zinakuta miwani imechangia sana, na hiyo haihitaji daktari mpya.

Kikotoo
Mimi ni mtu wa mikataba, nisameheni. Shirika la Afya Duniani mwaka 1998 liliweka lengo: angalau 80 kati ya 100 wafike 6/18 kwa miwani waliyonayo, na walio chini ya 6/60 wasifike 5. Kujipima kwa lengo hilo ni jambo jema. Ila ukilifunga na pesa, nani atampasua babu mwenye presha ya jicho? Babu huyo aliingia anashikwa mkono, akatoka na 5/60, sasa anakwenda chooni mwenyewe. Kwenye jedwali lenu ni "matokeo mabaya". Mwakani mtaanza kuwarudisha watu kama yeye getini, na asilimia itapendeza kweli.

Andikeni uono wa kabla na magonjwa mengine ya jicho. Halafu mwaka wa kwanza fedha ifuate kupima: waliopimwa ni wangapi kati ya waliopasuliwa. Matokeo yenyewe yaanze kulipiwa baadaye.

MamaLenzi
Kikotoo, babu huyo namjua, wako wengi. Na je, kumuuliza mgonjwa mwenyewe? Nasikia kuna maswali maalumu.

Konea
Yapo. ICHOM, shirika la kimataifa linalopanga vipimo vya matokeo ya matibabu, kwenye seti yao ya mtoto wa jicho wanatumia Catquest-9SF, maswali tisa yaliyotoka Uswidi: kusoma gazeti, kutambua nyuso, kuona bei dukani, kutembea pasipo sawa, maandishi ya kwenye televisheni...

MamaLenzi
Televisheni! Bibi zangu uwaulize kuchagua mchele, na kutofautisha noti ya elfu mbili na ya elfu kumi.

Konea
Waulize hayo kabla na baada, ila yaite maswali yenu. Ukibadilisha Catquest huwezi tena kujilinganisha na wanaoitumia.

MamaLenzi
Sawa. Napeleka kikaoni kipimo cha kesho yake, uono wa kabla, na pendekezo la Kikotoo. Swali dogo la mwisho: chumba chetu hakifiki mita 6. Nikimsogeza mgonjwa mita 3 na ubao ule ule wa E wa kupimia macho, uliotengenezwa kwa mita 6?

Konea
Hapana, tafuta ubao wa mita 3. Mstari wa 18 akiusoma akiwa mita 3 ni 3/18, yaani 6/36. Mtalipwa kwa macho ambayo hayajafika.