Mume wangu mstaafu wa jeshi halali usiku, nimpelekeje hospitali bila ugomvi?

Mama Wawili (Morogoro)
Habari za usiku wakuu, naombeni ushauri na wale wa matusi mnipite tu leo sina nguvu. Mume wangu alikuwa jeshini, kastaafu miaka mitatu iliyopita, 2017 alikuwa Kongo upande wa Beni kulinda amani. Ile tarehe 7 Desemba waasi wa ADF walipovamia kambi ya Semuliki yeye hakuwepo, alikuwa kambi nyingine, ila kwenye wale vijana wetu 14 walioletwa kwenye majeneza wawili walitoka naye depo, kwenye mafunzo ya kuingia jeshi. Alirudi mzima hana hata kovu tukashukuru Mungu. Kumbe.

Sasa hivi anakaa kibarazani mpaka adhana ya alfajiri, panga chini ya kiti. Jirani ana karakana ya kuchomelea, chuma kikidondoka tu mtu yuko chini ya meza, akiinuka anaona aibu basi hasira zote kwa watoto. Misibani haendi, hata wa shemeji yake hakwenda. Na pombe kali imeingia, anasema ndo inamlaza. Nikitaja hospitali ananijibu "unataka kunipeleka Mirembe, mimi sio chizi". Mama mkwe naye anasema hayo ni mambo ya huko huko Kongo atafutiwe mtaalamu. Nimechoka jamani.

Kiti cha Mbele
Mwanajeshi anaogopa chuma? Mpe shamba alime hayo yataisha

Mtoto wa Kagera
Wewe hapo juu punguza mdomo. Mzee wangu alipigana vita ya Kagera mpaka Kampala inaanguka Aprili 1979, karudi akachimba shimo shambani kama handaki akawa analala humo, sisi watoto tukajua baba anapenda shamba lake. Nani angejua kipindi kile, hata wazungu wenyewe hili jina la PTSD, yaani ugonjwa wa akili unaobaki baada ya mtu kupitia tukio la kutisha kama vita, wameliingiza kwenye kitabu chao cha magonjwa ya akili 1980, baada ya wanajeshi wa Marekani kurudi Vietnam wakiwa hivyo hivyo. Ukoo ukamdanganya mzee anaitwa kwenye hela za jeshi, kumbe anapelekwa kwa mganga, kafungwa kamba siku nne. Tangu hapo mpaka anakufa hakuamini mtu, chai alikuwa anajipikia mwenyewe. Dada fanya yote ila usimdanganye.

Nesi Zamu ya Usiku
Pole sana mama. Kwanza usianze na neno akili, anza na usingizi, maana hilo yeye mwenyewe analilalamikia na wala sio uongo. Mwambie twende tukaulize kwa nini hulali. Sio lazima Mirembe kule Dodoma, hospitali ya rufaa ya mkoa hapo hapo ina huduma ya afya ya akili, watu wanatibiwa wanarudi nyumbani. Tiba yenyewe kubwa ni ya mazungumzo, anakaa na mtaalamu wanarudia lile tukio kidogo kidogo mpaka linapungua makali, na wengine wanaongezewa dawa kama sertraline. Hiyo hailewi ila inachukua wiki kadhaa kuonekana, wengi wanaacha wiki ya pili wanasema haifanyi kazi. Valiamu za dukani msimpe, zinazoeleka na ukichanganya na pombe ni hatari.

Halafu kuna swali gumu, muulize mkiwa wawili kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumpi wazo. Akisema ndiyo usimuache peke yake, mpeleke siku hiyo hiyo, na hilo panga liondoke hapo.

Afande Mstaafu
Shemeji, sisi kwa raia hatuongei, hata kwa mke. Tutamwambia nini? Huyo hakuwepo Semuliki ndo maana anajiadhibu, anaona alitakiwa awe pale. Tafuta mwenzake wa kombania moja waliyeelewana. Mimi nilikataa mwaka mzima, siku jamaa yangu kaja asubuhi kasema vaa viatu, tukaenda wote, foleni nzima tunabishana Simba na Yanga. Nikaingia. Kuhusu Lugalo, hospitali ya jeshi ya Dar, aulize mwenyewe utaratibu wa wastaafu ukoje, akikuta wauguzi wenye kombati anaweza kulegea, au akagoma kabisa, inategemea mtu.

Mama Wawili (Morogoro)
Asanteni, nimesoma huku nalia. Nilimuuliza lile swali la nesi. Kasema hapana, ila kanyamaza muda mrefu kwanza. Panga nimelipeleka kwa dada. Kuna rafiki yake yuko Kilosa nimempigia kasema Jumanne anakuja. Mwenyewe nimemwambia ni habari ya usingizi, kajibu "tutaona", baadaye kaulizia kadi ya bima iko wapi. Nesi, tuanzie dirisha gani?

Nesi Zamu ya Usiku
Mapokezi ya kawaida, wagonjwa wa nje. Aende na kadi na kitambulisho, mfike mapema foleni haijajaa. Huo ukimya wake mwambie daktari, usiufiche. Na ukisikia lolote la kukutisha kabla ya Jumanne msisubiri.