Mrejesho: ile saa ya mkononi ya kila siku

Wakuu, habari za leo. Niliomba ushauri wa saa ya kiume isiyozidi laki moja, ya kuvaa kazini na hata harusini, nikiwa hapa Mtwara ambako jasho na chumvi ya bahari havina likizo. Wengi mlisema Casio, mkagawanyika kati ya ya mishale na ya namba.

Nimechukua Casio A158W, ile ya namba yenye rangi ya fedha. Aliyenionya nisinunue mkanda wa ngozi, Mungu ambariki. Kwa joto hili ngozi hunuka na kukatika mapema. Mkanda huu ni wa chuma, na kuupunguza hakuhitaji fundi: unanyanyua kijibati cha kwenye kifungo kwa bisibisi bapa, unasogeza, unakibana tena. Mkanda unang'ata vinyweleo kidogo, mtazoea.

Kasha, mjue, ni plastiki iliyopakwa rangi ya kromu, ndiyo maana ni nyepesi. Lina upana wa milimita 33 tu, kwa hiyo wenye mikono mikubwa waijaribu kwanza. Taa yake ya usiku ni ya kuombea dua. Betri ni CR2016, ya kukaa miaka kama 7.

Kuhusu maji: imeandikwa kuzuia maji bila kutaja mita, maana yake ni kwa matone tu. Kwenye kivuko cha Msangamkuu naivaa bila wasiwasi, lakini kuogelea naivua.

Ya mishale nitanunua baadaye, shemeji yangu anaoa.