Mnaikata Pole Princess!! vipande vipande, halafu mnaiita ya uchafu

Wakuu, natanguliza kabisa: huu uzi nimeuandika nikiwa na hasira. Mwenye moyo mwepesi apite kushoto.

Kuna kurasa zimeifanya Pole Princess!!, anime (katuni ya Kijapani) ya dansi ya nguzo, kuwa mtaji. Wanachukua onyesho zima, wanakata sekunde kumi, wanatoa muziki wake na kubandika wa kwao, wanaandika "Wajapani wamechanganyikiwa" na emoji za moto, halafu huko chini watu wanashindana kulaani. Uliza kama kuna aliyeangalia onyesho moja tangu mwanzo hadi mwisho. Kimya. Au unajibiwa "mambo hayo mimi siangalii" na mtu ambaye tayari ameshatoa maoni matano.

Kwa asiyeijua: ni kazi ya Tatsunoko Production na Avex Pictures. Ilianza kama vipindi vifupi YouTube mwaka 2022, kisha Novemba 2023 filamu yake ya kama saa moja ikaingia kumbi za sinema Japani. Kuna msichana anaitwa Hinano, bibi yake ana ukumbi wa kuonyeshea nyota ambao watu wameacha kuujia. Hinano anamwona Yukari, bingwa wa dansi ya nguzo, anapagawa, na yeye na wenzake wanaanza kujifunza. Basi. Hakuna klabu ya usiku, hakuna anayetupiwa noti, hakuna anayevua nguo. Ina nyimbo, jukwaa, mazoezi na mashindano.

Sasa tuje kwenye kosa lenyewe, maana wengi hamjui hata mnakosea wapi.

Picha ya filamu ni 16 kwa 9. Simu iliyosimama ni 9 kwa 16. Ukiamua kuijaza skrini ya simu bila kuacha weusi juu na chini, picha yenye upana wa pikseli 1920 unabaki nayo 607 hivi. Haifiki hata theluthi moja. Zaidi ya theluthi mbili umetupa. Na dansi ya nguzo ni sanaa ya mwili kutoka pembeni ya nguzo! Chukua mkao ule wa kulala hewani kifudifudi: nguzo imebanwa katikati ya mapaja, kifua na mkono vimetangulia upande mmoja, miguu imenyooka upande wa pili, mwili mzima uko sambamba na sakafu. Uzuri wote uko kwenye mstari huo mrefu kuanzia ncha za vidole vya mkono hadi ncha za vidole vya mguu. Mkataji anakuja, anaona nguzo iko katikati, anaweka kisanduku chake hapohapo katikati. Kinachobaki ni nguzo, nyonga na kipande cha paja. Kichwa hakipo, mkono haupo, miguu haipo. Halafu anauliza kwa mshangao mbona wanaonyesha makalio tu. Aliyeonyesha makalio tu ni wewe na programu yako ya kukatia video.

Muziki nao. Kila kuachia mkono, kila kufungua mguu, kumepangwa kuangukia pigo fulani la wimbo. Ukiutoa wimbo ukaweka singeli, ukaongeza na kasi kidogo ili mfumo wa hakimiliki usikunase, mchezaji anaonekana anajitikisa ovyo. Kwenye nguzo inayozunguka, kasi haiji yenyewe tu: mchezaji akikusanya miguu na mikono karibu na nguzo, mzunguko unaongezeka, akitanua, unapungua. Kwa hiyo mchezaji anaiendesha kasi kwa mwili wake, polepole pale wimbo unapotulia, haraka unapopanda. Ninyi mnabonyeza kitufe cha kasi, mnaharibu jambo pekee ambalo mtazamaji asiyejua kitu angeweza kuliona kwa macho na kusema "aisee".

Halafu kuna kundi la "hata mimi naweza, si kujizungusha tu". Haya, jizungushe.

Hatua inayowachuja wengi ni kupinduka, kichwa chini miguu juu. Unasimama nguzo ikiwa ubavuni karibu na kwapa, mikono yote miwili imeshika usawa wa kifua hadi uso. Kwanza unayashusha mabega, yasibaki yamepanda masikioni. Nyonga zinasukumwa mbele, kiwiliwili kinalala nyuma, na miguu inapanda ikiwa imefunguka. Inapandishwa na tumbo na mgongo, si kwa kuruka. Anayeruka hubahatika mara moja. Mara nyingine kichwa kinatangulia nyuma kabla nyonga hazijapita nguzo, uzito wote unaangukia bega moja, na bega ndilo linaloumia. Mguu wa upande wa mbali unaizunguka nguzo na kuinasa nyuma ya goti. Nimesema nyuma ya goti, si kwenye shavu la mguu, maana ukinasia kwenye shavu la mguu unateleza mzima mzima. Mkono mmoja unaachia. Wa pili unasubiri mpaka ubavu umelala kwenye nguzo na kisigino kimevutwa kuelekea makalio, ndipo goti linafunga. Ukiachia kabla ya hapo unashuka na utosi. Ndiyo maana kwenye mazoezi panawekwa godoro la kuangukia lenye unene wa sentimita 10 hadi 12, na hata nalo haliokoi shingo ya mtu anayeanguka vibaya.

Rudini sasa mwangalie onyesho zima mkifuatilia mabega na nyuma ya goti, acheni kukodolea kwingine.

Na hili la mavazi, ambalo ndilo limewajaza povu. Kinachomshikilia mchezaji ni msuguano wa ngozi na chuma. Nyuma ya goti, paja la ndani, kwapa, kiuno, kunjo la kiwiko: hayo ndiyo maeneo ya kushikia, na yakifunikwa na kitambaa cha kawaida mtu anateleza. Kaptura fupi ni kifaa cha kazi. Mkwezi wa mnazi hapandi na soksi, na sijawahi kusikia mtu akimwita mhuni. Anayebisha aangalie wanasarakasi wa nguzo ya Kichina: nguzo yao imevishwa mpira, na mpira unaunguza ngozi mtu akishuka kwa kasi, kwa hiyo wao wanavaa suruali, mikono mirefu na viatu. Nguzo ikibadilika na nguo zinabadilika.

Kwa sababu hiyohiyo mchezaji hapaki losheni siku ya onyesho, nguzo inafutwa kwa spiriti kabla ya kila zamu, na mikono inapakwa chaki ya magnesiamu kaboneti. Chuma kikiwa baridi sana ngozi haishiki, jasho likizidi napo haishiki. Kwenye joto lenye unyevunyevu wengi wanapendelea nguzo ya shaba nyeupe kuliko ya kromu.

Mnaosema hakuna mashindano halisi, ni ya kwenye katuni tu: shirikisho la kimataifa la michezo ya nguzo, IPSF, lilianzishwa 2009 na Katie Coates, na Oktoba 2017 lilipewa hadhi ya mwangalizi na GAISF, chombo kilichokuwa kikiyakusanya mashirikisho ya michezo duniani. Jukwaani kuna nguzo mbili za kipenyo cha milimita 45, moja imetulia, nyingine inazunguka, na mchezaji lazima atumie zote. Kwa wakubwa onyesho ni dakika 3 na sekunde 20 hadi dakika 4. Mikao ya lazima inashikiliwa sekunde 2 kwa pembe iliyoandikwa kwenye kitabu cha pointi, na ukipinda goti mahali ambapo linatakiwa kunyooka unakatwa. Viatu vya visigino virefu haviruhusiwi. Kuvua vazi jukwaani hakuruhusiwi. Mafuta mwilini hayaruhusiwi. Nani kati yenu alijua hata moja kati ya haya kabla ya kuandika "wanafundisha watoto umalaya"?

Ila na upande wa pili nao msijifanye watakatifu. Kuna mashabiki wanakuja kuitetea kwa kusema dansi ya nguzo haina uhusiano wowote na klabu za usiku. Uongo. Sehemu kubwa ya mizunguko, mikao na namna ya kupanda inayofundishwa leo ilitengenezwa na wanawake waliofanya kazi kwenye klabu za Marekani na Kanada, na waliokuja baadaye kuifundisha kama mazoezi walijifunza kwao. Kuwakana ni dharau. Wakati huohuo India wana malakhamb, mchezo wa nguzo ya mti wanaopaka mafuta ya nyonyo, wacheza mieleka walikuwa wakijifua nao na umetajwa kwenye maandishi ya karne ya 12. Mambo mengi yamekutana kwenye nguzo hiyo moja, na yote yana wenyewe.

Mnataka kuiponda hii anime? Iponde, lakini iponde kwenye udhaifu wake. Nitawasaidia.

Mavazi ya maonyesho yana malinda, riboni na mapambo ya kifalme. Yanapendeza, ila kitambaa cha namna hiyo kikiingia kati ya paja na nguzo, mtu halisi anashuka kama mzigo. Mwanga na nyota zinazomwagika skrini nzima nazo zinaziba mahali ambapo mwili unagusana na nguzo, tena katika sekunde ambayo mjuzi anataka kuona mkono unabadilishwaje. Hapo nawaunga mkono, inakera. Na filamu ya saa moja inabidi iukimbize muda: asiyejua kitu anafika kwenye mashindano wakati ngozi ya mtu halisi ingekuwa bado haijazoea michubuko ya juu ya unyayo anayoipata kwa kupanda tu.

Lakini kwenye miondoko yenyewe nyamazeni. Maonyesho yamejengwa kwa picha za kompyuta za 3D juu ya miondoko iliyonaswa kutoka kwa wacheza nguzo wa kweli, na sijui kama kuna kitu kigumu zaidi cha kunasa. Suti ya kawaida ya kunasia miondoko ni ya kitambaa mwili mzima, na kitambaa tumeshasema kinateleza. Vitufe vya alama, vile ambavyo kamera huvifuatilia ili kunasa miondoko, vikikaa kwenye paja la ndani, nguzo inavisugua na kuving'oa. Mtu akijikunja kuizunguka nguzo anavificha vitufe vyake mwenyewe, kamera hazivioni. Baada ya hapo unampachika mhusika ambaye urefu wa mikono na mapaja yake si sawa na wa mchezaji: kosa la sentimita moja, ambalo kwenye dansi ya kawaida hakuna atakayeliona, hapa linaifanya nguzo ipite katikati ya kiganja au goti lielee hewani. Inabidi fundi akae arekebishe fremu kwa fremu. Bado nywele: mhusika akiwa kichwa chini nywele ndefu lazima zianguke kuelekea sakafuni, akizunguka zitawanyike nje, na zisipenye nguzo. Angalieni nywele tu. Mtu aliyekesha na nywele zile hakuwa anatafuta ukahaba.

Moderator, naomba klipu zilizokatwa pande mbili ziondolewe kwenye jukwaa la anime. Anayetaka kupandisha apandishe picha ikiwa na upana wake wote, na wimbo wake, angalau kuanzia mchezaji anaposhika nguzo hadi miguu irudi sakafuni.

NYONGEZA: Kuna mchangiaji ameuliza kama bomba la maji la inchi moja na nusu linafaa kujifunzia nyumbani kwa kuwa "unene ni uleule". Usithubutu. Ni kweli kipenyo chake cha nje ni milimita 48.3, kinakaribia. Ila bomba lililopakwa zinki lina uso wenye chembechembe na mshono wa kulehemu, nyuma ya goti patachanika siku ya kwanza. Uking'arisha zinki itoke, chuma kinaanza kutu kwa jasho lako mwenyewe. Na ncha yenye nyuzi ndipo bomba lilipo jembamba zaidi, sasa wewe unapanga kuifungia hapohapo ibebe mtu anayezunguka.

NYONGEZA 2: Zile nguzo za kukaza kati ya sakafu na dari zinahitaji dari ya zege, au boriti nene ya mbao moja kwa moja juu yake. Dari ya jipsamu haibebi kitu. Utaikaza, utaona imeshika vizuri kabisa, utashangilia. Ukipanda itatoboka na nguzo itakulalia. Hayo malalamiko sasa msimpelekee Hinano.